Mzigo Uliopimwa Ukiwa Mkavu

Mizani ya kituo cha kununulia majani ya chai cha kijiji chetu ilining'inia kwenye boriti ya mbele, na ndoano yake ilikuwa imesuguliwa na magunia ya watu mpaka ikang'aa. Jumatano moja ya mwezi wa saba, siku ambayo hakukuwa na majani ya kupima, mimi na binamu yangu tuliitundikia mizigo yetu ya kwenda kuwinda katika msitu wa Mau. Wangu ulisoma kilo tisa na nusu. Wake ulisoma kumi na moja na kidogo.

"Mnaenda kuwinda ama mnahama?" karani wa kituo akauliza. Alikuwa ameketi mlangoni, kitabu cha risiti kimefungwa magotini. Alijua tunakokwenda. Serikali ilikuwa imekataza kuwinda tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa, lakini karani alikuwa mtu wa kunyamaza, na mwezi ule kila mtu alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Mvua ya mawe ilikuwa imepiga upande wetu wa Konoin wiki mbili kabla. Ilipiga muda usiozidi nusu saa. Tulipotoka nje, shamba lilikuwa jeupe chini na jeusi juu, na harufu ya majani yaliyochanika ilijaa hewani kama tumesimama ndani ya kiwanda cha chai cha Mogogosiek. Vichaka vya chai vilibaki vijiti. Mchumaji hawezi kuchuma kijiti. Unangoja wiki sita, saba, majani mawili na kichipukizi chake vitokeze tena, na wakati huo mahindi nayo bado ni mabichi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikufa nikiwa darasa la saba, nami nikaacha shule muhula huohuo nikashika kuchuma chai. Mama alimfuata mwezi wa nne wa mwaka ule ninaousimulia. Nyuma yangu walikuwa watatu: dada yangu wa miaka kumi na mitatu, ndugu yangu wa miaka tisa, na msichana mdogo wa miaka minne ambaye bado alimwita mama kila alipoamka.

Siku moja kabla hatujapima mizigo, baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amekuja nyumbani. Hakuingia ndani. Aliketi kwenye kigoda nje, akatandaza mikono juu ya fimbo yake, akatugawa. Dada angeenda kwake kumsaidia mke wake. Ndugu yangu angeenda kuchunga ng'ombe wa jamaa. Mdogo angeenda kwa shangazi, ng'ambo ya Mulot. Mimi ningebaki kuangalia chai.

"Hapana," nikasema. "Sisi tunakaa pamoja."

"Sikuja kugombana na wewe. Watakula nini?"

"Nitaenda msituni. Nitaleta nyama."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto tisa na chai yake ilikuwa imepigwa kama yetu.

"Nitapita hapa Jumapili nikitoka kanisani," akasema. "Nikikuta moto na chakula cha maana juu yake, sitarudia maneno haya. Nikikuta jiko baridi, nitafanya kama nilivyosema, na usije kwangu na kelele."

Ndiyo maana tulikuwa kwenye mizani.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kwa miaka mitatu mgongo wangu ulikuwa umebeba majani kila siku ya kununua, na ulijua uzito kuliko macho yangu. Ningeweza kukuambia kumi na nane kabla mshale haujatulia. Kwenye njia nzuri nilibeba thelathini. Kwenye miteremko ya msituni nilijipa ishirini na nne. Basi kila kilo nitakayopanda nayo ni kilo ya nyama nitakayoiacha juu. Nikasema tupande na kilo sita kila mtu, hata robo isizidi.

"Bosi amesema," binamu akasema. Alikuwa mtoto wa mjomba, amenizidi miaka mitano, mtu wa mzaha, na aliwahi kwenda msituni na baba yake mara mbili. Alianza kufungua gunia lake palepale sakafuni. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa redio.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Salamu za wasikilizaji."

"Ziwafikie na nyani wa Mau," karani akasema.

Redio ikatoka. Kibuyu chake cha mursik kikatoka, ingawa alilalamika kwamba mtu hawezi kulala bila maziwa ya mgando tumboni, kwa sababu kibuyu kizito kilicheza mgongoni. Sufuria ikatoka pamoja na kifuniko, tukaweka mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu mawili na kufungwa waya. Panga la pili likatoka. Lile lililobaki nikalikata nusu ya mpini. Kikapu cha kuchumia tulikuwa tumekiacha nyumbani tangu mwanzo. Ni chepesi, lakini mdomo wake mpana ungenasa kwenye kila mwanzi. Tulitumia magunia, na mikanda ya mpira wa tyubu.

Binamu alikuwa na buti za mpira. Nilizitundika peke yake, zikasoma karibu kilo mbili.

"Hizi wazivae akina mama wa kambi za chai," nikamwambia. "Wewe vaa akala."

"Mguu ni wangu, bosi."

"Mgongo pia ni wako."

Akaziweka kando. Mimi nilikuwa na akala zangu tayari, zile za tairi, na nilizisifu.

Lililobaki lilikuwa turubai. Lilikuwa la baba, zito, la kufunikia mahindi, na lilisoma kilo nne na nusu. Blanketi lilisoma mbili. Tukiwa na turubai tungehitaji pia blanketi, kwa hiyo ni sita na nusu kabla hujaweka chumvi. Tukiacha turubai, mtu angejifunika aproni ya plastiki, ile tunayovaa shambani kuzuia umande na matawi, isiyofika hata nusu kilo. Nilifikiri kidogo tu. Turubai likatoka.

Mwisho kila mzigo ulikuwa na blanketi, unga kilo moja, aproni, waya za breki za baiskeli za kutegea, na vitu vidogo vya kugawana: chumvi, kiberiti ndani ya karatasi ya plastiki, panga, mkebe. Mshale ulisimama kwenye tano na robo tatu. Nilijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani.

Karani akaamka, akaja akaliminyaminya blanketi langu kwa vidole, vilevile anavyominya majani siku ya mvua kabla hajaandika.

"Hapa nakata mbili za maji," akasema.

Tulicheka sote watatu. Kila mkulima wa kituo kile alikuwa amekatwa kilo za maji, na kila mmoja aliwahi kugombana na karani kwa ajili yake.

Ule unga wa kilo mbili ulitoka nyumbani kwetu. Tulikuwa na kilo tano zilizobaki. Dada yangu alipima mbili kwa mkebe wa gorogoro, akasawazisha juu kwa kiganja, akamimina katika mfuko wangu. Kisha akakung'uta kiganja juu ya unga uliobaki.

Alhamisi asubuhi tulipita mistari ya miti ya bluugamu, tukaingia msituni kabla askari wa misitu hawajaanza kuzunguka. Nakiri kwamba mzigo ulikuwa raha. Tulipanda kama watu wanaokwenda kusalimia. Binamu aliimba kwa sauti ya chini, na kila tulipopumzika alijipima mgongo akasema, "Bosi, nafikiri nimesahau kitu. Ama ndivyo inavyotakiwa?" Kufikia saa nane tulikuwa kwenye mianzi, mahali hewa inapobadilika na pumzi inaonekana. Tulitega mitego kumi na miwili kwenye njia za pongo, yule swala wa msituni mwenye madoa meupe ubavuni. Tukajenga kibanda cha majani ya mwanzi, tukalala.

Mvua ilianza tukiwa tumelala na ikaendelea mpaka kulipokucha. Majani ya mwanzi hayazuii mvua ya Mau, na aproni ya mchumaji inafunika tumbo na mapaja tu. Asubuhi ya Ijumaa nililivuta blanketi nilitundike, na mkono wangu ukalipima wenyewe kwa mazoea. Saba. Labda na nusu. Unga ulikuwa umegeuka tope ndani ya mfuko. Gunia lenyewe lilikuwa limekunywa. Vitu vyote tulivyokuwa tumechagua kwa wepesi wake vilikuwa vitu vya kunywa maji, na kitu kimoja kisichokunywa tulikiacha sakafuni kwa karani.

Nilisimama pale nikitiririka, nikakumbuka vidole vyake juu ya blanketi. Nilikuwa nimekatwa maji maisha yangu yote ya kazi. Nilijua siku ya mvua majani yanasema uongo kwenye mizani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku kavu nayo inasema uongo.

Siku nzima ya Ijumaa ilikwisha katika moto. Tulipasua mianzi iliyokufa tukitafuta moyo mkavu, tukapuliza mpaka vichwa vikauma, na ulipowaka tukasimama juu yake kama kuku. Hatukwenda kwenye mitego. Alasiri binamu alitoka kutafuta kuni zaidi, akakanyaga kisiki cha mwanzi kilichokatwa kimshazari zamani na mtu mwingine. Kilipita kando ya tairi la akala, kikaingia katikati ya unyayo.

Alirudi akiruka kwa mguu mmoja. Aliketi, akaunyanyua mguu, akautazama.

"Zile buti," akasema, "zilikuwa kilo ngapi?"

"Mbili."

"Ningezibeba mdomoni."

Hakusema tena juu ya buti, si siku ile wala baadaye, na mara nyingi nimetamani angesema.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye mitego peke yangu. Mitego tisa ya kwanza ilikuwa mitupu. Wa kumi ulikuwa na pongo dume. Alikuwa amekamatwa mguu wa mbele, nadhani tangu ule usiku wa kwanza, na ardhi yote kumzunguka ilikuwa imelimwa kwa kwato. Waya ulikuwa umefika mfupani. Hakuwa na nguvu ya kuruka tena. Alinitazama nikija, masikio yamesimama, mvuke ukimtoka puani. Panga letu lilikuwa na mpini nusu, ule nilioukata mwenyewe ili kupunguza uzito, na halikushikika vizuri na mkono wenye baridi. Kazi ambayo ingekuwa ya pigo moja ilichukua mapigo mengi. Sitaieleza zaidi.

Nyama niliipima kwa mgongo nilipoileta kibandani kwa safari mbili. Ilikuwa kama kilo thelathini na tano.

Sasa ndipo ninapotaka kwenda polepole, kwa sababu kila kitu kiliamuliwa hapo, na ilikuwa Jumamosi bado, saa nne hivi asubuhi.

Binamu alisema, "Chukua mguu mmoja wa nyuma na ini. Acha blanketi, acha kila kitu. Utafika nyumbani kabla ya jioni. Mimi nitabaki na moto nikaushe hii nyingine. Jumatatu urudi unichukue."

"Na askari wakija?"

"Nitawaambia nilikuja kumwomba Mungu."

"Mguu mmoja tu? Nitamwonyesha nani mguu mmoja?"

"Baba yako mkubwa hakusema kilo. Alisema Jumapili."

Maneno hayo aliyasema hivyohivyo, kwa upole, huku akipuliza moto. Niliyasikia. Nikamjibu kwamba siwezi kumwacha na mguu ule. Kwa miaka mingi niliwaambia watu nilibaki kwa sababu ya mguu wa binamu yangu, na ulikuwa umevimba kweli. Lakini si hivyo tu. Nilikuwa nimepanga kushuka na kilo ishirini na nne. Niliona mguu mmoja wa pongo juu ya meza, na baba mkubwa akiutazama kama alivyonitazama mimi, akiuliza na baada ya huu? Nilitaka kuingia uani nimeinama kwa uzito. Nyama ikikaushwa hupungua zaidi ya nusu, ningeweza kuibeba yote peke yangu, binamu akijibeba mwenyewe. Hesabu ilikuwa nzuri. Niliifanya mara mbili na mara zote mbili ilikubali.

Siku haikuwa ndani ya hesabu. Nilijiambia kwamba "Jumapili nikitoka kanisani" ni alasiri, kwamba mzee huchelewa, kwamba atasikia niko njiani. Nikakata nyama vipande virefu, nikaitundika juu ya moshi.

Ilikauka polepole kwa sababu kila kitu kilikuwa na maji, hata moshi. Jumapili nzima nilikaa nikiigeuza. Saa za kanisa zilipita. Binamu hakutania.

Tulishuka Jumatatu. Mablanketi yote mawili tuliyatupa. Nilibeba nyama yote, kilo kumi na sita kavu, na kwenye miteremko nilimbeba binamu pia, kwa sababu hakuweza kukanyaga. Mguu wake ulipona kwa miezi mitatu na haukurudi kuwa kama zamani. Hajawahi tena kuajiriwa kuchuma.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Kulikuwa na moshi jikoni. Dada yangu alikuwa anachemsha majani ya maboga, na ndugu yangu alikuwa ameketi mlangoni. Niliuweka mzigo chini. Nilihesabu, kama ninavyohesabu mpaka leo nikiingia chumba chenye watu.

"Yuko wapi?"

"Alikuja jana," dada akasema. "Unga uliisha Jumamosi. Alifunua sufuria akaona majani. Mtoto alikuwa na homa. Alisema huyo hawezi kungoja, anampeleka leo. Sisi wawili alisema atarudi Alhamisi."

"Hukumwambia niko njiani?"

"Nilimwambia. Aliniuliza nimejuaje."

Baba mkubwa alikuja siku hiyo ya Alhamisi kama alivyosema, akaona nyama imetundikwa juu ya jiko, akala kipande, akaondoka. Hakuwachukua wale wawili wala hakurudia maneno yale, alitimiza ahadi yake. Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Jumanne asubuhi mimi nilifunga kilo nne za nyama kwenye gazeti, nikaenda Mulot.

Kutoka Bomet nilipata nafasi juu ya lori la ng'ombe. Nchi ile si kama yetu. Ni wazi, ngano mpaka macho yachoke, na upepo una vumbi. Shangazi alikuwa anaanika mahindi uani. Msichana wetu alikuwa ameketi juu ya gunia, amevaa sweta ambayo siijui, anakunywa maziwa kwa kikombe cha bati kikubwa kuliko uso wake. Homa ilikuwa imemtoka. Aliponiona alishuka, akaja, akashika suruali yangu.

Shangazi alipokea nyama, akainusa, akasema ni nzuri. Akanipa kiti na chai.

"Nimekuja kumchukua," nikasema.

"Mchukue. Sijamfunga kamba." Aliendelea kutandaza mahindi. "Kesho asubuhi atakula nini?"

"Nyama."

"Na kesho kutwa?"

"Nyama, shangazi. Iko nyingi."

"Mtoto wa miaka minne. Nyama kavu, asubuhi na jioni. Na ikiisha? Chai yenu itachipua lini?"

Nilifikiri nitajibu. Kilo kumi na mbili zilizobaki, watu watatu au wanne, wiki nne au tano. Hesabu zilikuja haraka kama kawaida, na safari hii sikuziamini. Nilimtazama mtoto. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kwa maziwa.

"Basi akae kidogo," nikasema. "Mpaka majani yarudi."

"Mpaka majani yarudi," shangazi akasema, na nadhani sote wawili tulijua.

Majani yalirudi mwezi wa tisa. Nilikwenda kumchukua, na shangazi akasema mtoto ameanza kuzoea. Nilikwenda tena mwaka uliofuata, na yeye mwenyewe alijificha nyuma ya mlango. Alisomea huko, akaolewa huko. Wale wawili niliwalea mimi hadi wakajitegemea, na hakuna aliyelala nyumba nyingine hata siku moja. Tunapokutana wote wanne, yeye hukaa upande wa wageni na kuuliza maji yako wapi.

Siku ile ya Jumanne nilirudi baada ya giza kuingia. Dada yangu alikuwa ameweka sahani nne. Aliona niko peke yangu, akairudisha moja kwenye rafu.

"Alilia?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, alikuwa anakunywa maziwa.

Alilia. Nilimsikia tangu lango la shangazi mpaka barabara kuu, na sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka nitambeba.